Kijiko Kinapozunguka: Usalama wa Mtambo wa Kuchimba Saiti

Kijiko ni mtambo wa kuchimba wenye sehemu mbili kuu. Chini kuna cheni mbili zinazoubeba na kuutembeza. Juu kuna kibanda cha opereta, injini na mkono mrefu unaoishia kwenye ndoo ya meno. Sehemu hiyo ya juu imekaa kwenye egemeo linaloiwezesha kuzunguka duara zima, nyuzi 360, huku cheni zikiwa zimetulia. Wengine huuita eskaveta, na Kenya wapo wanaouweka pamoja na buldoza chini ya jina moja la tingatinga. Kijiko cha kawaida katika saiti za barabara, mabomba na majengo kina uzito wa tani 20 hivi, yaani sawa na magari madogo kumi na tano au zaidi.

Faida ya mtambo huu na hatari yake vinatoka mahali pamoja: kule kuzunguka. Nyuma ya injini hufungwa chuma kizito cha kusawazisha uzito wa mkono na udongo uliobebwa. Mkono unapogeuka kushoto kumwaga kifusi, chuma hicho hufagia upande wa kulia, mara nyingi kikipita nje ya mstari wa cheni. Aliyesimama kati ya chuma hicho, yaani mgongo wa mtambo, na ukuta, lori au rundo la matofali hana pa kukimbilia. Opereta naye hamwoni. Kibanda kimekaa kushoto, kwa hiyo mkono wa mtambo unamziba upande wa kulia, na injini inamziba nyuma. Vioo na kamera hupunguza upofu huo lakini haviumalizi. Ndiyo sababu kanuni nyingi za usalama wa kijiko, zikichambuliwa, hurudi kwenye neno moja: umbali. Umbali baina ya mtambo na watu, mtambo na ukingo wa shimo, mtambo na nyaya za umeme.

Nani akalie kiti

Tanzania, usalama wa saiti unaongozwa na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya 2003, inayosimamiwa na wakala wa serikali unaojulikana kwa kifupi kama OSHA. Kenya ina sheria yake ya mwaka 2007. Zote mbili zinamtaka mwajiri ahakikishe kazi inafanyika kwa usalama, na zinamtaka mfanyakazi asijihatarishe wala kuhatarisha wenzake. Mkataba Na. 167 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 1988 kwa ajili ya kazi za ujenzi, unasema wazi kwamba mitambo ya kuchimba na kuhamisha udongo iendeshwe na watu waliopata mafunzo yanayofaa.

Saiti nyingi zina njia yake ya mkato. Msaidizi hukaa kibandani opereta anapokwenda kula, akajifunza levi moja baada ya nyingine, na baada ya miezi michache akaitwa opereta. Mtu wa namna hiyo anajua kuchimba, lakini hajui mtambo utafanya nini mambo yakiharibika.

Hata opereta mzoefu ana mtego wake. Vijiko havina mpangilio mmoja wa levi. Katika mpangilio mmoja, levi ya kulia ndiyo inayoinua na kushusha mkono mkuu. Katika mwingine, kazi hiyo hufanywa na levi ya kushoto. Aliyezoea mmoja akihamia mwingine atafanya vizuri mpaka siku ya kushtuka, ambapo mikono yake itatii mazoea ya zamani. Mtambo mgeni hujaribiwa kwanza mahali pa wazi, bila mtu karibu, kabla ya kuingizwa kazini.

Kabla ya kuwasha

Ukaguzi wa asubuhi hufanywa injini ikiwa baridi. Opereta huuzunguka mtambo wote kwa miguu akitazama kama kuna mafuta yanayovuja chini, mipira ya haidroliki iliyochubuka, pini za ndoo zilizolegea, cheni iliyolegea mno, au kioo kilichovunjika; honi na king'ora cha kurudi nyuma hujaribiwa injini ikishawashwa. Mzunguko huo una kazi ya pili: kuhakikisha hakuna mtu aliyelala kivulini chini ya mtambo wala mtoto aliyejificha nyuma yake.

Kupanda kibandani hufanywa kwa kuutazama mtambo, mikono miwili na mguu mmoja, au miguu miwili na mkono mmoja, vikiwa vimeshika wakati wote. Kuruka chini kutoka kibandani huweza kuvunja vifundo vya miguu, na hakuna dakika inayookolewa. Akishakaa, opereta hufunga mkanda. Vibanda vingi vya kisasa vimeimarishwa ili visipondeke mtambo ukipinduka, lakini uimara huo humfaa aliyebaki ndani. Anayejaribu kuruka mtambo unapolala upande ndiye anayeangukiwa na chuma.

Watu na duara

Duara la hatari la kijiko hupimwa kwa mkono ulionyooshwa hadi mwisho, na nyuma kwa mzunguko wa mgongo. Duara hilo huwekewa koni, utepe au vizuizi imara, na asiyehusika haruhusiwi kuingia. Panapokuwa na ukuta au lori, mtambo hupangwa ili mgongo usisogee karibu navyo kiasi cha kumbana mtu. Pasipowezekana, nafasi hiyo hufungwa kabisa.

Anayelazimika kuingia, kwa mfano fundi wa kupima kina cha mtaro, huanza kwa kuonekana. Husimama mahali ambapo opereta anamwona, hutoa ishara, na husubiri ndoo ishushwe chini na opereta afunge levi ya usalama iliyo kando ya kiti, ambayo hukata nguvu ya haidroliki. Hapo ndipo anapokaribia. Kizibao cha kuakisi mwanga humsaidia opereta kumwona mtu aliye mbele yake; hakimsaidii kumwona aliye nyuma ya injini.

Mtambo unapofanya kazi karibu na watu huhitaji mwelekezaji, naye awe mmoja tu. Ishara za mikono hukubaliwa kabla ya kazi kuanza, kwa sababu hutofautiana kati ya mkandarasi mmoja na mwingine. Opereta asipomwona tena mwelekezaji, husimamisha mtambo. Ishara ya kusimama peke yake haina mwenyewe: yeyote anayeitoa, hata kibarua wa siku ya kwanza, hutiiwa papo hapo.

Saiti za mitaani zina wageni wake. Watoto huvutwa na mashine, mama lishe huja na sufuria saa ya chakula, wapita njia hukatiza kufupisha safari. Uzio na mlinzi ni sehemu ya usalama wa mtambo sawasawa na breki.

Ukingo wa shimo

Mita moja ya ujazo ya udongo ina uzito wa kati ya tani 1.5 na 2. Ukuta wa mtaro ukiporomoka, mtu aliyefukiwa hadi kifuani anaweza kushindwa kupumua ingawa kichwa chake kiko nje. Kanuni za Marekani, zinazotumika kama kipimo katika miradi mingi, hutaka mtaro wenye kina cha futi 5, yaani mita 1.5 hivi, au zaidi uwekewe kinga isipokuwa umechimbwa kwenye mwamba mtupu. Kinga hiyo ni kuta zilizolazwa kwa mteremko, mihimili ya kushikilia udongo, au sanduku la chuma ambalo mafundi hufanya kazi ndani yake. Kifusi hukaa angalau sentimita 60 kutoka ukingoni. Mtambo wenyewe, kwa kuwa ni mzito zaidi na unatikisa ardhi, hukaa mbali zaidi.

Mkao wa kijiko ukingoni una kanuni zake. Cheni huelekezwa kwenye shimo badala ya kulala sambamba nalo, ili ardhi ikianza kukatika mtambo urudi nyuma moja kwa moja. Mota zinazozungusha cheni huwekwa upande wa mbali na shimo. Opereta pia hukumbuka cheni zimeelekea wapi, kwa sababu kibanda kikishageuzwa nyuzi 180, levi za kutembea hufanya kazi kinyume: akisukuma mbele, mtambo unarudi nyuma yake. Wapo waliotaka kukimbia ukingo wakauendea. Na hakuna opereta mwangalifu anayechimba chini ya cheni zake mwenyewe.

Wakati wa masika na vuli hesabu hubadilika. Udongo uliosimama imara mwezi wa pili huweza kuanguka mwezi wa nne baada ya mvua ya usiku mmoja. Ufa uliojichora sambamba na ukingo, maji yanayochuruzika ukutani, au madonge yanayodondoka yenyewe ni dalili za kuwatoa watu mtaroni kwanza. Majadiliano hufuata baadaye.

Juu na chini

Kijiko cha tani 20 kinaweza kunyanyua meno yake hadi mita 9 au 10 kutoka ardhini, kimo ambacho nyaya nyingi za mitaani hupita. Njia za usambazaji wa umeme Tanzania na Kenya hubeba volti 11,000 na 33,000, na umeme wa kiwango hicho unaweza kuruka hewani kabla chuma hakijagusa waya. Kipimo kinachotumika sana ni kubaki umbali usiopungua mita 3 kwa njia za hadi volti 50,000, na zaidi ya hapo kwa njia kubwa. Dawa bora ni kuliomba shirika la umeme lizime njia hiyo muda wote wa kazi.

Mkono ukigusa waya, opereta hubaki kibandani. Akiweza, huuondoa mkono polepole. Asipoweza, huwazuia watu wasisogee na husubiri umeme uzimwe. Njia iliyozimika yenyewe huweza kujiwasha tena baada ya sekunde chache, kwa hiyo ukimya si uthibitisho. Moto ukimlazimisha kutoka, huruka mbali miguu ikiwa pamoja, bila kushika mtambo na ardhi kwa wakati mmoja, kisha husogea kwa hatua fupi za kuburura, miguu isiachane. Hatua ndefu huifanya miguu miwili kukanyaga ardhi yenye volti tofauti, na umeme hupita mwilini.

Chini ya ardhi kuna nyaya, mabomba ya maji na mikongo ya simu. Michoro huombwa kwa wenye miundombinu hiyo kabla ya kuchimba, kisha mashimo madogo ya kujaribia huchimbwa kwa koleo. Utepe wa onyo, mchanga safi au safu ya matofali ikionekana ndani ya udongo, kijiko husimama na koleo huchukua nafasi yake.

Kupakia, kuinua na kuteremka

Ndoo iliyojaa hupitishwa nyuma au ubavuni mwa lori, kamwe si juu ya kibanda cha dereva. Lori nalo halipandishi bodi mahali palipoinama wala chini ya nyaya, na haliondoki bodi ikiwa juu. Haraka hapa ina chanzo kinachojulikana: malori mengi hulipwa kwa tripu, na vijiko hukodishwa kwa saa. Msimamizi anayejua hilo hupanga mzunguko wa malori ili haraka isigeuke kuwa msongamano.

Kijiko hutumika pia kuinua makalavati na mabomba. Mtambo unaoruhusiwa kazi hiyo una jedwali la uzito kibandani, na jedwali hilo huonyesha kwamba kadiri mkono unavyonyooshwa mbali ndivyo uwezo unavyopungua. Mnyororo hufungwa kwenye pete iliyotengenezwa kwa kuinulia. Kuutundika kwenye meno ya ndoo ni kuuacha uteleze. Hakuna anayesimama chini ya mzigo.

Mteremkoni, kijiko hupanda na kushuka moja kwa moja, ndoo ikiwa chini karibu na ardhi ili iweze kuchomekwa iwe breki. Kukatiza mteremko kwa ubavu, hasa kwenye udongo wa mfinyanzi uliolowa, ndiko kunakoupindua.

Kufunga kazi

Mafuta ya haidroliki husukumwa kwa mgandamizo unaoweza kuzidi bar 300, zaidi ya mara mia moja ya upepo wa tairi la gari dogo. Yakivuja kwenye tundu la sindano, hupenya ngozi bila maumivu makubwa na kuacha alama ndogo tu. Jeraha hilo huhitaji hospitali siku hiyohiyo, na daktari aambiwe kwamba ni mafuta yaliyoingia kwa mgandamizo, kwa sababu kuchelewa huweza kugharimu mkono. Mvujo hutafutwa kwa kipande cha boksi, kamwe si kwa kiganja. Matengenezo hufanywa ndoo ikiwa imelala chini, mgandamizo umetolewa, ufunguo uko mfukoni mwa fundi na kibao cha kukataza kuwasha kimetundikwa.

Jioni, kijiko huegeshwa mahali tambarare, mbali na ukingo na njia ya maji. Ndoo huwekwa ardhini, injini huachwa iungurume polepole dakika chache ipoe, levi ya usalama hufungwa, injini huzimwa na ufunguo huondolewa. Mtambo ulioachwa hivyo hauanguki, hauserereki, wala hauwashwi na asiyehusika hadi opereta wake arudi asubuhi kuuzunguka tena kwa miguu.