Protini za Msongo katika Damu ya Mwanariadha

Mwaka 1962, mwanasayansi wa Italia, Ferruccio Ritossa, alieleza jambo alilolikuta kwa nzi wa matunda: joto lilipopanda, sehemu fulani za kromosomu zao zilivimba. Ulikuwa mwito wa kutengeneza protini ambazo leo huitwa protini za mshtuko wa joto, au protini za msongo. Kazi yake ni kuzisaidia protini nyingine zirudie umbo zinapoharibika. Wala hazingojei joto peke yake. Upungufu wa oksijeni na wa sukari ndani ya seli huziamsha pia, na mazoezi ya muda mrefu huweza kuyaleta yote hayo pamoja.

Mtu akiendesha baiskeli kwa saa mbili mfululizo, protini mojawapo, HSP72, huongezeka katika damu yake. Ni rahisi kudhani kwamba imevuja kutoka misuli ya miguu iliyochoka. Sivyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002, uliopima damu iingiayo na itokayo katika viungo, ulionyesha kwamba chanzo kimojawapo kilikuwa ini na viungo jirani vya tumboni, miguu haikuitoa.

Kwa hiyo ongezeko hilo, peke yake, halithibitishi kwamba misuli imeumia. Mkimbiaji aliyeanguka, amechanganyikiwa, na joto la ndani ya mwili wake limezidi nyuzi 40 za Selsiasi, hahitaji kipimo hicho. Apozwe kwa maji baridi papo hapo, kabla ya safari ya hospitali.