Mmea wa ZZ: biashara inayoifaa nchi kame ya Sultan Hamud

Mwenye kitalu Ukambani huhesabu mitungi ya maji kabla ya kuhesabu faida. Sultan Hamud, mji wa Makueni kwenye barabara kuu ya Nairobi na Mombasa, unategemea mvua za Machi hadi Mei na za Oktoba hadi Desemba, ambazo mara nyingi hukatika mapema. Kwa hiyo, anayetaka kuuza mimea ya mapambo ya ndani afikirie kwanza ZZ, ambayo wataalamu huiita Zamioculcas zamiifolia.

Asili yake ni kwetu. Huota porini kuanzia Kenya na Tanzania, Zanzibar ikiwemo, hadi Afrika Kusini. Hata hivyo, waliouzalisha kwa wingi kibiashara ni wakulima wa Uholanzi, karibu mwaka 1996.

Mmea huu huhifadhi maji katika viazi vyake chini ya udongo. Umwagilie udongo ukishakauka, takriban kila baada ya wiki mbili au tatu. Maji yakizidi, viazi huoza. Jua kali huunguza majani, hivyo neti ya kivuli inahitajika. Changanya udongo na mchanga pamoja na samadi iliyooza. Mchanga upatikane kihalali, kwa kuwa sheria ya Kaunti ya Makueni ya mwaka 2015 inadhibiti uvunaji wake.

Gharama kubwa ni muda. Jani moja likipandwa hutoa kiazi kwanza, na mche wa kuuza huweza kuchukua mwaka au zaidi. Kugawa mmea uliokomaa ni haraka zaidi, ila kunahitaji mtaji wa mimea mama. Mwenye mtaji mdogo auze miche ya miembe na mipapai impe fedha za kila msimu, huku ZZ ikikua kivulini.

Soko la karibu ni wasafiri wa barabara kuu na ofisi za Nairobi. Anayelenga nje ya nchi atahitaji cheti cha afya ya mimea kutoka KEPHIS, shirika la serikali la ukaguzi wa afya ya mimea, na Ulaya hairuhusu mimea yetu iingie na udongo. Mnunuzi aelezwe pia kwamba utomvu wa ZZ huwasha na mmea hauliwi, hasa penye watoto.

Mimea mama inunuliwe vitaluni, isichimbwe porini. Kwa mkulima wa Makueni mwenye kivuli, maji machache na subira, ZZ inastahili nafasi kitaluni.