Kufuli ya Simu na Kompyuta ni Wewe Mwenyewe



Mwaka jana mama mmoja, mweka hazina wa kikundi cha akina mama, alikuja kuniona akilia. Alikuwa amepata ujumbe kwenye simu kwamba ametumiwa shilingi 6,500. Kabla hajamaliza kuusoma, simu ikalia. Kijana mwenye adabu akamwambia, "Mama, pole sana, nimekosea namba. Hizo ni pesa za hospitali. Nirudishie tafadhali." Mama akaingiwa na huruma, akatuma. Baadaye alipoangalia salio aliona kwamba zile 6,500 hazikuingia kamwe. Alizotuma zilikuwa za wanachama. Lakini kilichomuumiza zaidi ni wenzake kuulizana kama kweli aliibiwa, ama amezila.

Mimi nimependa kompyuta tangu nikisomea diploma. Chuoni zilikuwa chache, tukapanga foleni, na kazi tulihifadhi kwenye diski ndogo tulizobeba mfukoni. Usalama tulifikiri ni mambo ya mafundi. Kazi ya miaka mingi imenionyesha vingine: mara nyingi mwizi havunji mashine. Humdanganya mtu anayeitumia.

Tuangalie mifano miwili iliyotikisa dunia.

Mnamo Mei 2000 watu walipokea barua pepe yenye kichwa "Nakupenda" kwa Kiingereza, ikiwa na kitu kilichofanana na barua ya mapenzi. Aliyekifungua aliingiza virusi. Virusi hivyo viliharibu picha na kazi zake, halafu vikajituma vyenyewe kwa watu wote walioandikwa kwenye kompyuta yake. Kwa hivyo barua ilikufikia ikitoka kwa rafiki unayemjua! Kwa siku chache mamilioni ya kompyuta ziliambukizwa. Virusi vilitoka Ufilipino, na kijana aliyevitengeneza hakufungwa kwa sababu nchi hiyo wakati huo haikuwa na sheria juu ya kosa la namna hiyo.

Mei 2017 vilikuja vingine vilivyoitwa WannaCry. Hivi vilifunga kazi zote za mtu, kisha vikadai alipe dola 300 ndipo afunguliwe. Kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi kama 150 zilipatwa. Huko Uingereza hospitali nyingi ziliahirisha miadi na upasuaji. Na jambo la kusikitisha ni kwamba dawa ilikuwapo. Kampuni ya Microsoft ilikuwa imetoa marekebisho tangu Machi mwaka huo, lakini wengi hawakuyaweka.

Sasa turudi nyumbani. Tangu M-Pesa ianze Machi 2007, simu imekuwa benki yetu, na wakora wameifuata pesa huko. Njia zao kubwa ni hizi:

1. Ujumbe wa uongo. Wanaandika ufanane na ule wa M-Pesa, lakini unatoka kwa namba ya kawaida ya mtu. Halafu wanakuharakisha ili usipate nafasi ya kuangalia salio.

2. Kuiba laini. Mkora anakupigia akijifanya mfanyakazi wa kampuni ya simu. Anakuuliza namba ya kitambulisho, mwaka wa kuzaliwa, hata namba ya siri. Akizipata, anajaribu kuisajili laini yako kwenye kadi nyingine. Simu yako ikikosa mtandao ghafla na ya jirani yako iko sawa, usingoje kesho.

3. Mtu wa karibu. Mtoto, shemeji au rafiki anayejua namba yako ya siri kwa sababu wewe mwenyewe ulimpa akusaidie kutuma pesa.

Tufanye nini?

- Namba ya siri usimpe mtu yeyote, hata mfanyakazi wa kampuni. Hana haja nayo. Mama mzee asiyejua kusoma afundishwe polepole kuibonyeza mwenyewe.
- Ukiambiwa umetumiwa pesa kimakosa, angalia salio kwanza. Kama kweli zimeingia, mwambie aliyetuma aombe kampuni izirudishe. Wewe usitume chochote.
- Pesa za kikundi zisilale kwenye simu ya mtu mmoja. Zipelekwe benki au SACCO mapema, na kuzitoa kuhitaji sahihi za watu zaidi ya mmoja. Kila mkutano, hesabu isomwe mbele ya wote. Hii inamlinda mweka hazina pia asishukiwe bure.
- Kompyuta ya ofisi ikiomba marekebisho, usiahirishe kila siku.
- Weka nakala ya kazi mahali pengine, mbali na hiyo kompyuta. Mimi nilijifunza kwa uchungu. Niliwahi kuingiza flashi ya mtu niliyemwamini, ikawa na virusi, na orodha ya watoto tuliowalipia karo ikapotea. Tuliiandika upya kutoka kwenye madaftari ya zamani, jina kwa jina, wiki tatu.

Kuna jambo lingine tunalolisahau. Sisi wa maendeleo tunaweka majina ya yatima, ya wagonjwa, ya wanawake waliopigwa nyumbani. Watu hawa walitueleza siri zao kwa kutuamini. Orodha kama hiyo ikitumwa ovyo kwa simu, au ikiachwa wazi kwenye kompyuta kila mtu akipita, aibu inayompata mtu huwezi kumrudishia. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inatudai tuzilinde habari hizi, hasa za afya. Na Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Makosa ya Mtandao ya 2018 inafanya ulaghai huu kuwa kosa la jinai. Kwa hivyo ukiibiwa, piga ripoti kwa kampuni ya simu na polisi upesi. Usinyamaze kwa kuona haya.

Yule mama bado ni mweka hazina. Kikundi kilikaa chini, kikamsikiliza, kikaamua kubadilisha utaratibu badala ya kumfukuza.

Maswali ya kujadiliana katika Jumuiya:
1. Ni nani anajua namba yako ya siri leo, na kwa nini?
2. Mweka hazina wetu akidanganywa kesho, tutapoteza kiasi gani?
3. Ni siri gani za watu tunazoziweka, na zimefungiwa wapi?