Dawa na Misuli (Sehemu ya 2): Kulegea si kulala

Juma lililopita tulieleza jinsi amri ya ubongo inavyoufikia msuli. Neva haigusani na msuli. Kati yao kuna upenyo mwembamba mno, na amri huvushwa na kemikali iitwayo asetilikolini. Ikishika vipokezi vya msuli, msuli hujikunja. Kisha kimeng'enya cha kolinesterasi huivunja mara moja. Leo tutazame dawa zinazoingilia kivuko hicho.

Kongwe kati yake ni kurare, sumu ya mishale ya wenyeji wa Amerika Kusini. Katika karne ya 19, Mfaransa Claude Bernard alimpa chura sumu hiyo. Alipoisisimua neva kwa umeme, msuli haukutikisika. Alipousisimua msuli wenyewe, ulijikunja. Basi msuli ulikuwa mzima, ila amri haikuufikia. Kurare hukalia vipokezi kama mtu aliyekalia kiti cha mwenzake bila kufanya kazi yake.

Mwaka 1942, huko Montreal, Harold Griffith na Enid Johnson waliitumia katika upasuaji. Tangu hapo haikuwa lazima kumzidishia mgonjwa dawa ya usingizi ili tumbo lilegee. Lakini mtu asiyeweza hata kupepesa macho aweza kuwa anasikia kila kitu. Mwaka 1947, daktari wa Marekani, Scott Smith, alijitolea kudungwa kurare peke yake. Alilegea mwili mzima, wenzake wakampumulia, na baadaye akaeleza kuwa fahamu zake hazikupotea hata kidogo.

Ndiyo maana mtaalamu wa usingizi hutoa dawa za usingizi na za maumivu kando, huku mashine ikimpumulia mgonjwa. Mwishoni hudunga neostigmini, inayoizuia kolinesterasi, ili asetilikolini iongezeke na kurudisha nafasi yake. Huiambatanisha na atropini, mapigo ya moyo yasishuke mno.

Suksametoniamu hufanya kazi kwa njia nyingine: huvisisimua vipokezi, misuli ikatetemeka kidogo, kisha ikalegea. Huanza ndani ya dakika moja hivi na kuisha baada ya dakika chache, kwa kuwa kimeng'enya kingine kilichomo kwenye damu huivunja. Wapo waliozaliwa na kimeng'enya hicho kikiwa dhaifu; hao huweza kubaki wamelegea kwa saa kadhaa. Ikiwa wewe au ndugu yako wa damu aliwahi kuchelewa kupumua mwenyewe baada ya upasuaji, mwambie mtaalamu wa usingizi kabla hujaingia chumba cha upasuaji. Atachagua dawa nyingine.

Toleo lijalo: viuatilifu vya shambani vinavyoizuia kolinesterasi.