Tangi Jipya la Samaki (2): Maji Safi Bado Si Maji ya Samaki

Wiki iliyopita tuliliacha tangi likiwa juu ya meza imara, mbali na dirisha la jua. Lita 100 za maji zina uzito wa kilo 100 kabla hujahesabu kioo na changarawe, kwa hiyo likishajazwa halisogezwi tena. Wiki hii tunalijaza. Wengi huharibu hapa, maana taa ikishawaka, watoto hawakubali kulala bila kuona samaki.

Maji ya bomba hutiwa klorini ili yasituletee kipindupindu, na dawa hiyohiyo huunguza matamvua ya samaki. Yaache kwenye ndoo wazi kwa saa 24, pampu ya hewa ikipuliza ndani, nayo klorini ya kawaida itapaa. Changarawe ioshwe kwa maji matupu, bila sabuni hata chembe.

Maji ya kisima hayana klorini, isipokuwa kama kisima kimetiwa dawa, lakini yana jambo lake. Hapa kwetu Babati tumo ndani ya Bonde la Ufa, na maji ya ardhini huku mara nyingi hubeba madini. Chungulia birika lako la chai: ukiona ukoko mweupe umeganda chini, maji yako ni magumu, na aghalabu kipimo chake cha pH, yaani cha uasidi na ualkali, kinapita 7. Hilo si kosa. Samaki wa Ziwa Tanganyika, ambao husafirishwa kutoka Kigoma hadi Ulaya kwa wafugaji wa majumbani, wamezoea maji ya pH inayokaribia 9. Ila maji ya aina hii humwadhibu vikali mwenye haraka.

Samaki hutoa amonia mwilini, na chakula kilichobaki kikioza huongeza nyingine. Maji yakiwa na pH 7 na joto la nyuzi 25, sehemu ya amonia iliyo sumu kali haifiki asilimia 1. Pandisha pH hadi 8, sehemu hiyo inakuwa kama asilimia 5. Ikifika 9, inazidi theluthi moja. Uchafu ni uleule, samaki ni walewale, lakini wa tangi moja wanaogelea na wa lingine wanaelea.

Wanaotuokoa ni bakteria. Kundi la kwanza hubadili amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Kundi la pili hubadili nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia ikiwa si nyingi. Mwanasayansi Mrusi Sergei Winogradsky aliwaeleza viumbe hawa mnamo 1890, na hadi leo hakuna aliyewafundisha kuharakisha. Huishi kwenye sponji ya chujio na juu ya changarawe, na huchukua kama wiki nne hadi sita kuwa wengi wa kutosha. Maji yakiwa baridi, kama usiku wa Juni na Julai hapa kwetu, huchelewa zaidi; hita ya nyuzi 25 inasaidia.

Ili wazaane wanahitaji chakula. Washa chujio, kisha kila siku tia kipande kidogo cha chakula cha samaki, kana kwamba samaki wamo. Baada ya siku chache maji yanaweza kugeuka kama maji ya kuoshea mchele. Hapo ndipo mtu hushtuka, akamwaga yote, akaosha sponji kwa maji ya bomba na kurudi mwanzo. Yaache. Ukungu huo ni bakteria wa aina nyingine waliofurahia mlo, nao huondoka wenyewe.

Njia ya mkato ya halali ipo: omba kipande cha sponji iliyokomaa kwa mwenye tangi lenye afya. Hata akiwa Arusha, kinafika kikiwa hai iwapo kimesafirishwa ndani ya maji ya tangi lake, chombo kikiwa na nafasi ya hewa. Kikikauka, umebeba takataka. Kuchota ndoo Ziwa Babati si njia ya halali: utaleta ruba, konokono na vimelea, tena ukiwa umewasumbua viboko bure.

Umeme nao usiusahau. Ukikatika, chujio husimama, na bakteria waliofungiwa ndani yake huanza kukosa hewa baada ya saa chache. Pampu ndogo ya betri ni bora kuliko mapambo yote ya plastiki utakayoshawishiwa kununua.

Tangi huwa tayari pale amonia na nitriti zinaposoma sifuri ilhali bado unalilisha, na nitrati imeonekana. Macho hayawezi kukuambia hayo. Agiza vipimo vya matone kutoka Arusha au Dar es Salaam. Wiki ijayo tutachagua samaki wa kuanza nao. Kabla ya hapo, msomaji, usinunue hata mmoja.