Wasia wa Ulaya, mgongo wa punda

Zahanati ya punda ya Lamu, iliyofunguliwa 1987, hutibu bila malipo. Mlipaji ni shirika la Uingereza, The Donkey Sanctuary, ambalo fedha zake nyingi hutoka kwenye wasia: watu walioaga dunia wakiwaachia punda sehemu ya mali yao. Ni biashara ya aina yake, maana anayehudumiwa hasemi na anayelipa hamjui.

Huruma hiyo huchagua. Punda, farasi na mbwa ndio waliotangulia kupewa. Kuku walianza kupata fedha nyingi zaidi karibu 2016, Open Philanthropy ya Marekani ilipoingia kwenye ruzuku za mifugo. Mwaka huohuo ukaundwa muungano wa Open Wing Alliance, ambao hufadhili hata vikundi vya Afrika vinavyozibana hoteli na maduka makubwa yaache mayai ya kuku wa vizimba. Hapa hesabu ndiyo inayotawala: mnunuzi mmoja mkubwa akikubali, maelfu ya kuku hufaidika bila daktari hata mmoja kutumwa.

Watetezi wa punda walilazimika kujifunza hesabu hiyo kwa uchungu. Kuanzia 2016 Kenya iliruhusu machinjio ya punda, ngozi zikienda China kutengenezwa dawa ya ejiao. Sensa ya 2009 ilikuta punda zaidi ya milioni 1.8, ya 2019 ikakuta karibu milioni 1.2. Dawa za minyoo za bure zingemsaidia nini punda aliyeibwa usiku ili achinjwe? Serikali ilipiga marufuku uchinjaji 2020, Mahakama Kuu ikaitengua marufuku hiyo 2021, na Februari 2024 Umoja wa Afrika ukaidhinisha marufuku ya kuchinja punda kwa ajili ya ngozi barani kote. Ushawishi wa sera, ambao wafadhili wengi huuogopa kwa kuwa haupigiki picha, ndio uliofika huko.

Kasoro ninayoiona ni muda. Ruzuku ya mwaka mmoja hununua dawa na fulana, kisha huisha. Fundi wa shogi na matandiko yasiyochubua, akifundishwa na kupewa mtaji, huendelea kuuza kwa wenye punda hata mfadhili akiondoka, nao hununua kwa sababu punda mwenye kidonda habebi mchanga wala maji, na siku hiyo nyumbani hakuingii kitu. Wanaoandika maombi ya ruzuku waipe kazi ya fundi huyo nafasi ya kwanza kwenye bajeti, fulana zisubiri.