Goregore: Ndege Wanaolea Pamoja



Katika Surat An-Naml tunasoma habari za hudihudi na Nabii Sulayman (A.S.). Leo tumtazame jamaa yake anayeishi katika mapori ya kwetu kusini, naye ni goregore. Ni ndege mweusi anayeng'aa kijani na zambarau akipigwa na jua. Mkia wake ni mrefu wenye madoa meupe, na mdomo wake ni mwekundu uliopinda. Hutembea kwa kundi, wakichokoa wadudu kwenye magome ya miti, na kelele zao ni kama watu wanaocheka kwa pamoja.

Maajabu yake ni haya. Kundi linaweza kuwa na ndege wawili tu au hata zaidi ya kumi, lakini wanaozaa ni dume mmoja na jike mmoja. Waliobaki ni wasaidizi, na wengi wao ni watoto waliokuzwa miaka iliyopita. Mama anapoatamia mayai ndani ya pango la mti, kwa siku kama 17 au 18, dume na wasaidizi humletea chakula. Makinda wakianguliwa, kundi zima huwalisha.

Kwa nini ndege alee watoto wasio wake? Wataalamu wawili wa Marekani, David na Sandra Ligon, walianza kuwachunguza goregore mwaka 1975 karibu na Naivasha, Kenya. Waliwavisha pete za rangi miguuni ili wamjue kila mmoja. Waliyoyaona ni haya:

Kwanza, nyumba ni chache. Goregore hulala ndani ya pango la mti kila usiku, na hawezi kulichimba mwenyewe kama kigogota. Kijana asiye na pango hana pa kuanzia maisha, hivyo hubaki kwao.

Pili, usiku una hatari. Siafu na kanu huwavamia humo pangoni, na wengi hufa. Mzazi akifa, nafasi yake huachwa wazi.

Tatu, wema hurudi. Kijana anapoondoka kutafuta eneo lake, mara nyingi hufuatana na wadogo zake aliowalisha. Hao humsaidia kulipata eneo hilo, na baadaye huwalisha watoto wake.

Ndugu msomaji, jambo hili linatuhusu sisi wa Masasi na Newala. Mti mzee wenye pango huonekana hauna faida, kwa sababu hautoi mbao nzuri. Basi hukatwa kwa ajili ya mkaa, au kupisha shamba la mikorosho. Lakini ukianguka, kundi zima hukosa pa kulala na pa kulelea. Tukisafisha shamba, tuuache mti huo japo mpakani. Na wewe kijana mwenye manati, ndege unayemlenga huenda ana mdudu mdomoni anaowapelekea wadogo zake.

Wahenga walisema, mkono mmoja haulei mwana. Nyumba ngapi kwetu mtoto yatima amelelewa na bibi, mjomba au kaka yake mkubwa! Aliyelelewa hivyo asisahau, naye awashike mkono wanaomfuata.

Allah atujaalie kuwa wenye huruma kwa viumbe vyake. Aamin.